Mstari Aliouruka Immakulata

Kusamehe mbele ya watu ni kazi nyepesi, na sisi watu wa Kasulu tunaiweza kweli kweli. Mnaitwa wawili mliokosana, mnasimamishwa katikati, katekista anakohoa kidogo kusafisha koo, mnapeana mikono, akina mama wanapiga vigelegele, na vumbi halijatulia watu wameshaanza kuulizana kama chai imeiva. Kuanzia hapo ukithubutu kununa, wewe ndiye mwenye roho mbaya. Ndivyo alivyosameheshwa Immakulata. Nasema alisameheshwa, maana kusamehe kwenyewe kulikuwa bado.

Immakulata alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mama yake Godson, yule kijana aliyehamia Kahama akapotelea huko na biashara zake. Alilima maharage na kahawa katika kitongoji kimoja juu ya Nyakitonto, kule ambako ukungu wa asubuhi haubanduki kwenye migomba hadi saa nne. Alikuwa mrefu, mkavu, msema kweli hadi anakera. Ukimwuliza kama kitenge chako kipya kimekukaa, na hakijakukaa, atakuambia. Watu walimwogopa kidogo na kumtegemea sana, maana kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba hakuna shahidi mzuri kama mtu asiyejua kudanganya. Ukweli wake huo ndio uliokuja kumtia matatani, na matata yenyewe hayakuwa na mwanadamu. Yalikuwa na Mungu.

Mama yake mzazi, bibi Nyamwiza, aliishi nyumba ya pili kutoka kwake. Bibi alibatizwa uzeeni, akafurahi, akatundika rozari shingoni hadi akawa anaoga nayo. Lakini kuna desturi aliyorithi kwa mama yake ambayo hata ubatizo haukuiondoa. Kila jioni kabla ya kulala aliweka maji kidogo kwenye kibuyu karibu na mlango, ili Imana, yaani Mungu kwa kinywa cha wazee wetu, akipita asikute nyumba kavu. Immakulata, mtoto wa katekisimu, alikuwa akiona haya. Siku moja alimwambia mama yake kwamba Mungu hanywi maji, tena ana maombi mengi ya watu ya kushughulikia, hana nafasi ya vibuyu. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Imana hasumbuliwi kwa maombi, mwanangu," alimwambia. "Anakaribishwa tu."

Kiangazi cha mwaka 2012 jirani yao Felisiani alifiwa na binti yake wa kwanza, Recho, kwa homa. Alikuwa mtoto mcheshi, wa kuimba njia nzima akitoka shule. Kitongoji kizima kililia. Haukupita muda wakaingia lambalamba, wale waganga wanaozunguka vijijini wakijidai wanafichua wachawi, na ngoma zao, na kundi la vijana wenye njaa ya fujo nyuma yao. Walimsimamisha Felisiani kando ya kaburi la binti yake, wakamtaka ataje anayemshuku. Felisiani akamtaja bibi Nyamwiza. Watu wakamiminika kwa bibi, wakakikuta kile kibuyu cha maji mlangoni, mganga akakiinua juu watu wote wakione. Nani angesikiliza neno tena? Waliezua mabati, wakachinja mbuzi, wakawala palepale uani.

Immakulata alikuwa mnadani siku hiyo. Aliporudi alimkuta mama yake amekaa juu ya kinu juani, rozari shingoni, nyumba haina kichwa. Kesho yake akampeleka Kakonko kwa mjomba. Bibi hakula vizuri tena. Kabla masika hayajaisha alifia huko, ugenini, mbali na migomba yake. Na hadi siku za mwisho alikuwa akiuliza swali moja: kwa nini Felisiani? Maana mkunga aliyempokea Recho tumboni mwa mama yake, mvua ikinyesha na njia hazipitiki, alikuwa ni yeye Nyamwiza, kwa mikono yake hiyo hiyo.

Sasa, jumuiya. Wakatoliki wa kitongoji kile, kama kwingine kote, walikuwa na jumuiya yao ndogo: familia chache za majirani wanaosali pamoja kila Jumamosi asubuhi, wiki hii nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile. Immakulata alikuwamo. Felisiani na mkewe Claudine walikuwamo pia. Utaichomoaje jumuiya yako kama jino bovu? Baada ya msiba wa bibi, Venanti, katekista, mtu mwema na mwoga wa kelele, aliona mambo yatachacha. Akawaita wote wawili, padri akiwepo. Felisiani akasema kwa sauti ya chini kwamba alikosa, shetani alimpitia. Immakulata akaulizwa mbele ya watu kama amesamehe. Angesema nini? Macho ya kitongoji kizima yalikuwa usoni mwake. Akasema amesamehe. Mikono, vigelegele, chai. Funika kombe mwanaharamu apite.

Jumamosi iliyofuata walisali kwa Venanti. Wakafika kwenye Baba Yetu, Immakulata akienda na wenzake kama alivyokwenda tangu utoto, ulimi ukijiendea wenyewe. Wakafika pale tunapomwomba Mungu atusamehe makosa yetu kama na sisi tunavyowasamehe waliotukosea. Na pale, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alilisikia lile neno dogo, kama. Aliganda.

Maana hebu fikiri na wewe. Anamwomba Mungu amtendee jinsi anavyomtendea Felisiani. Na yeye anamtendea nini Felisiani? Amempa mkono mbele ya watu, amemtabasamia, na moyoni anamwombea aoze. Basi Mungu akimjibu sala yake vilevile alivyoomba, atamtabasamia siku ya hukumu, atampa mkono mbele ya malaika, na moyoni mwake hatamtaka. Hapana, jamani. Hiyo si sala tena. Huko ni kujilaani kwa kinywa chako mwenyewe, tena umepiga magoti.

Mtu mwingine angesema ah, ni maneno tu, watu wote wanayasema. Lakini nimekwisha kukuambia Immakulata alikuwa mtu wa namna gani. Hakuweza kumwongopea mwenye kuuliza habari za kitenge, ataweza kumwongopea Mungu? Kuanzia Jumamosi ile akawa anauruka mstari. Anasema la kuomba asamehewe, anafika kwenye la kusamehe, anafunga mdomo, anawaacha wenzake wapite, kisha anaungana nao mbele. Hata zamu yake ya kupokea jumuiya ilipofika, na desturi yao ni kwamba mwenye nyumba ndiye anayeanzisha Baba Yetu, alianzisha kwa sauti nene, wengine wakamdaka, na mahali pake alipofika akakohoa. Hakuna aliyejua. Au ndivyo alivyodhani.

Usidhani alikuwa na raha. Alianza kukonda. Alijaribu kusamehe kweli, kama mtu anayejaribu kupiga chafya. Alifunga Ijumaa. Alijaribu kumwona Felisiani kama mfiwa, na aliweza, kwa muda. Kisha ile picha ya mama yake juu ya kinu inarudi, na chuki inapanda upya, mbichi kabisa. Alimweleza padri wa kupita kwenye kitubio, padri akamwambia asali zaidi Baba Yetu. Alitoka pale anacheka kicheko kibaya.

Mtu aliyeweza kuzungumza naye alikuwa Stumai. Huyu alikuwa muuguzi wa zahanati, Mwislamu wa Kondoa, aliyepangiwa kazi huku akaja na begi moja na mswala, akapanga chumba uani kwa Immakulata. Mwanzoni baridi ilimliza. Immakulata akamfundisha kuota moto na kula ugali wa muhogo, naye akamfundisha Immakulata kunywa chai yenye tangawizi hadi machozi yamtoke. Walizoeana wakawa kama mama na mwana. Jioni walikaa wakipukuchua maharage, na siku moja Immakulata akalitoa lile jambo lote, kibuyu, kinu, lile neno kama, kukohoa.

Stumai alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwao wamefundishwa kwamba amali ni nia, na nia makao yake ni moyoni, kwa hiyo yeye anaona Mama hakukosea kunyamaza. Bora kimya chenye nia kuliko neno lililo tupu. Kisha akaongeza jambo ambalo baadaye alilijutia sana. Alisema alivyofundishwa madrasa na marehemu babu yake, Mungu anaweza kukusamehe ulichomkosea Yeye, hata kingejaa dunia. Lakini ulichomkosea mwanadamu mwenzako, hiyo ni haki ya yule mwanadamu, na Mungu kwa uadilifu wake anamngoja mwenye haki aachilie kwanza.

Immakulata aliacha maharage.

"Kwa hiyo Mungu ananingoja mimi?"

"Kwa Felisiani, ndiyo, Mama. Ndivyo nilivyofundishwa."

Unajua alilala vipi siku ile? Alilala fofofo, kwa mara ya kwanza tangu Kakonko. Maana aliona ameshika ufunguo. Kile kimya chake cha Jumamosi, alichokuwa akikionea aibu kama ugonjwa, kumbe ni komeo! Akawa sasa anaruka mstari kwa madaha. Wakifika pale, anamtazama Felisiani, aliyekuwa na mazoea ya kukaa karibu na mlango na kuinamisha kichwa, na anajiambia, sali wee, sali mpaka uchoke, mlango ninao mimi. Claudine, mke wa Felisiani, alimletea siku moja migebuka aliyonunua Kasulu, samaki wakubwa wazuri. Aliipokea, akashukuru, na moyoni akasema hata mlete ziwa zima.

Lakini ufunguo nao una uzito wake. Baada ya muda Immakulata akaona kwamba hamwazi Mungu tena. Anamwaza Felisiani. Akiamka, Felisiani. Akishika rozari, Felisiani. Alikuwa amemtafutia mtu jela, na mlinzi wa jela halali nyumbani kwake. Sala zikamkauka zote, si ule mstari peke yake. Alifungua mdomo asubuhi hakikutoka kitu. Na hapo, bila kumwambia mtu, akaanza kuweka maji mlangoni kila jioni, kwenye kikombe cha bati, kwa kuwa kibuyu chenyewe walikivunja. Hakuweza kueleza kwa nini. Baadaye alisema tu kwamba kikombe cha maji hakina maneno ndani yake, kwa hiyo hakiwezi kusema uongo. Stumai akawa anakiona asubuhi akienda kutawadha, anakipisha kwa adabu.

Mwaka 2015, miezi ile mabasi ya wakimbizi wapya kutoka Burundi yalipokuwa yakipita barabarani kwenda kambini, Felisiani akaugua. Claudine, ambaye wazazi wake walikuja na wimbi la zamani na yeye ni raia siku nyingi, alikuwa akienda kando ya barabara kutazama madirishani kama ataona sura ya ukoo wake. Siku moja akarudi amemkuta mumewe hawezi kuinuka. Tumbo lilijaa maji, macho yakawa ya manjano. Hospitalini mjini wakamtazama, wakamrudisha nyumbani na dawa za kutuliza. Stumai akawa anapita kumhudumia, na hakusema kitu kwa Immakulata, na Immakulata hakuuliza.

Kisha Claudine akaja mwenyewe. Alisimama uani hakutaka kukaa. Akaeleza kwamba padri alikuja kumpaka mgonjwa mafuta, na Felisiani akakataa. Amegeukia ukuta. Jumuiya imekuja kumsalia, amewaomba waondoke. Anamtaka Mama Godson peke yake. Claudine alisema hayo akiwa ameshika pembe ya kanga kwa mikono miwili, na Immakulata, nisikufiche, jambo la kwanza alilosikia moyoni ni furaha. Amekuja, alijiambia. Ameona mwenyewe ufunguo uko wapi.

Alijifunga kitenge chake cha kanisani. Stumai akafuatana naye na mkoba wake wa dawa, akabaki uani kwa Felisiani akijifanya anatafuta kitu ndani ya mkoba. Chumbani kulikuwa na harufu ya ugonjwa na ya mikaratusi iliyofukizwa. Felisiani alikuwa amekwisha, mikono imekuwa vijiti, tumbo kubwa chini ya blanketi. Claudine akakaa miguuni pake. Immakulata akabaki amesimama, akingoja aombwe.

"Sikukuita unisamehe, Mama Godson," Felisiani alisema. "Ulishanisamehe mbele ya watu, na ule ulikuwa nini, mimi na wewe tunajua. Nimekuita kwa sababu katika jumuiya nzima wewe peke yako hujanidanganya. Kila Jumamosi nakusikia unavyonyamaza."

Immakulata akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa.

Felisiani akaendelea, polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache. Alisema na yeye ananyamaza, ila yeye ananyamaza kabla, pale pa kuomba kusamehewa. Tangu ile siku ya kupeana mikono ulimi haunyanyuki pale. Walikuwa wakiugawana mstari mmoja miaka yote ile, yeye akiacha kipande cha mbele na mwenzake kipande cha nyuma, na jumuiya ikiwafunika wote wawili kwa sauti. Kisha akasema lile lililokuwa limemgeuzia ukutani. Tabibu wa zahanati wa wakati ule alimwambia Recho ana malaria kali, ampeleke Kasulu jioni ile ile. Claudine alikuwa ameshafunga mtoto mgongoni. Na yeye Felisiani ndiye aliyesema tungoje asubuhi, njia mbaya.

"Wale watu waliponiuliza nani amemuua, nilikuwa namjua," alisema. "Nilitaka jina lolote lisiwe langu. Nikainua macho nikaona moshi wa jikoni kwa mama yako. Ndio uliokuwa karibu."

Claudine alitoa sauti ndogo, akaziba mdomo kwa kanga. Hakuwa akijua kwamba mumewe alimtaja bibi huku akijua ukweli. Miaka yote ile alikuwa akijilazimisha kuamini uchawi wa mkunga wake ili apate kulala.

Na Immakulata? Miaka mitatu alimchukia mtu aliyedhani amedanganywa na msiba, mjinga aliyeamini waganga. Sasa alikuwa mbele ya mtu aliyejua kila kitu. Swali la mama yake lilikuwa limepata jibu, na jibu lenyewe ni moshi! Mama yake hakuchukiwa hata kidogo. Aliuawa kwa sababu alikuwa anapika. Hasira ilimpanda hadi masikio yakavuma. Aliinuka. Alitaka atoke, amwache hivyo hivyo, afe na ukuta wake. Alifika mlangoni, akashika kizingiti.

Nyuma yake Felisiani hakumwita. Ingekuwa amemwita, nadhani angeondoka. Alisikia tu midomo yake ikigongana kwa ukavu, ile sauti ya mtu aliyekaukiwa kinywa. Naye akajiuliza, bila kutaka, kama mama yake angekuwa amesimama pale na kizingiti mkononi angefanya nini. Akajua mara moja, akaudhika kujua.

"Kuna maji humu ndani?" alimwuliza Claudine.

Claudine akaleta kikombe. Immakulata akamwinua Felisiani kichwa, akamnywesha, mengine yakamwagika kifuani akayafuta kwa ncha ya kitenge chake cha kanisani. Alifanya hivyo kwa hasira, si kwa huruma. Yeye mwenyewe alisisitiza hivyo baadaye, na mtu yule huwezi kumbishia. Kisha akapiga magoti kwenye udongo, akaanza Baba Yetu.

Alikwenda vizuri hadi kwenye mkate wa kila siku. Hapo akasimama. Claudine naye akasimama. Chumba kikawa kimya, na hakukuwa na jumuiya ya kuwafunika.

Alitazama ndani ya moyo wake, kwa haki kabisa, kama anavyotazama mpaka wa shamba la watu. Msamaha haukuwamo. Hata punje. Akisema, atakuwa amesema uongo, na kwa neno lile dogo atakuwa amemwomba Mungu asimsamehe yeye Immakulata milele. Asiposema, mtu huyu atakufa amefunga mdomo. Alitafuta njia ya tatu, hakuiona. Basi akamwambia Mungu moyoni, na maneno yake ni haya, maana alimweleza Stumai neno kwa neno: sijamsamehe, unaona mwenyewe, lakini nasema, na kama ni uongo basi uwe juu yangu, msamaha wangu uchukue, huyu mwachilie.

Akausema mstari wote. Akausema kwa sauti, mbele na nyuma, hakukohoa. Baada ya muda, nyuma yake sana, ikasikika sauti ya Felisiani, nyembamba, ikiomba kusamehewa. Hakuweza kumalizia kilichobaki, Claudine akamalizia.

Walipotoka uani Immakulata alimshika Stumai mkono, akaubana hadi ukamwuma. Alimweleza yote palepale, wamesimama karibu na banda la kuku. Alitaka hukumu.

"Niambie wewe uliyesoma dini kwa babu yako. Nimemdanganya Mungu?"

Stumai alifuta machozi. "Mama, mimi nilikufundisha habari ya ufunguo," alisema. "Habari ya mtu anayefungua mlango huku amekasirika, babu hakunifundisha. Sijui."

Padri alirudi akampaka Felisiani mafuta, safari hii hakukataa. Alikufa siku chache baadaye, mchana, watu wakiwa mashambani. Kwenye maziko Immakulata alitupa udongo kama wengine, akapika kama wengine, na mtu alipomsifu kwa moyo wake mkubwa alimjibu kwamba hana moyo mkubwa na anamchukia tu vilevile, marehemu. Mtu yule alidhani ni majonzi. Hayakuwa majonzi. Chuki ilikuwepo palepale, imepungua kidogo labda, kama maji ya mtungi wenye ufa. Claudine alikaa siku zote za matanga akiwa na sura ya mtu aliyefiwa mara mbili: kwa mume, na kwa yule aliyedhani ni mume.

Zamu ya Immakulata ya kupokea jumuiya ikafika. Asubuhi ilikuwa na ukungu. Alifagia, akatandika mikeka, akaweka msalaba na mshumaa juu ya kitambaa cheupe. Kikombe cha bati kilikuwa bado mlangoni na maji yake, akakiacha. Watu wakaja mmoja mmoja wakisugua mikono kwa baridi. Claudine alikuja wa mwisho, akakaa pale karibu na mlango, mahali pa Felisiani. Venanti akasoma somo, akahubiri kidogo juu ya amani inayotawala katika jumuiya yetu, akampa mwenye nyumba ishara.

Immakulata akaanzisha, wakamdaka. Na walipofika pale, ule mstari wa kusamehe waliotukosea aliusema. Aliusema wote, bila kukohoa, kwa sauti iliyomshangaza hata yeye. Kilichomshinda ni kipande kilichotangulia. Pale pa kuomba asamehewe alifunga mdomo. Aliona hawezi kwenda kudai kitu alichokwisha kukitoa kwa hiari yake, mbele ya shahidi, kwa ajili ya mtu mwingine.

Venanti hakusikia kitu. Jumuiya haikusikia. Lakini mlangoni palikuwa na mwanamke aliyelala ubavuni mwa kimya kile kile miaka yote ile bila kujua ni cha nini, na sasa alikijua. Jumamosi ile Claudine aliinua kichwa. Walipokuwa wakimaliza sala akamtazama Immakulata, Immakulata akatazama mkeka.

Jumamosi iliyofuata walisali kwa watu wengine. Claudine hakukaa mlangoni. Alikuja akabana katikati ya watu hadi akamfikia Immakulata, akakaa bega kwa bega naye, na walipofika mahali pale, pale Immakulata alipofunga mdomo, Claudine alipandisha sauti akasema kwa niaba ya wawili.